Pini ya Kushoto Kwanza

Niseme mapema: sikuwa na hamu ya kujifunza trekta. Nilikuwa na hamu ya mume wangu. Lakini yeye alikuwa na miezi minane tangu afariki, na kitu chake pekee nilichoweza bado kukishika kikanguruma kilikuwa lile trekta kuukuu bandani, ambalo sote tuliliita Likongwe.

Shemeji, mdogo wake, alilitaka. Si kwa ubaya, nisimsingizie.

"Chuma kikikaa bure kinaoza, shemeji," aliniambia. "Ukiweza kufunga plau peke yako, bila mtu kugusa, linabaki hapa. Ukishindwa, Jumamosi nalivuta kwangu."

Nikamwambia Jumamosi hiyo aje ameshakunywa chai kwake, mimi simpikii mtu anayekuja kunipokonya. Akacheka.

Na ni yeye huyohuyo aliyenifundisha, siku tatu mfululizo. Hii klachi. Hizi breki, na ziko mbili, usizichanganye. Wenzo huu pembeni ya kiti unapandisha na kushusha mikono ya nyuma inayobeba plau. Mikono ya chini ni miwili, wa juu mmoja.

"Anza na wa kushoto kila mara, maana huo haurekebishiki," alisema. "Wa kulia una mpini wa kuzungusha, utaupandisha au kuushusha mpaka uonane na plau. Wa juu mwisho."

Nikamjibu hayo asinihubirie. Pini za kufungia mikono hiyo kwenye plau nimezitia miaka kumi na tisa. Ndivyo tulivyofanya kazi mimi na mume wangu: yeye juu anarudi nyuma, mimi chini, kati ya plau na tairi, natia pini. Pale nilipokuwa nasimama, mguu wake ukiteleza tu kwenye klachi, mimi sina miguu. Hata siku moja sikuogopa.

Basi kosa langu likawa la ajabu. Kurudi nyuma niliweza. Nililinyoosha Likongwe mpaka mikono ikakaribia plau, nikakanyaga klachi, nikageuza shingo kutazama nyuma. Nikakaa hivyo. Injini inanguruma, moshi unanipiga usoni, na mimi nimetulia tuli.

"Shemeji, unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja mtu atie pini. Nilipojigundua nikaona haya, nikasingizia shingo imekaza. Siku ya pili nikarudia yaleyale. Ya tatu pia. Akili ilijua niko peke yangu, lakini mwili ulikuwa mkaidi, hausikii la mtu.

Jumamosi alifika asubuhi, akasimama mlangoni mwa banda, mikono mfukoni. Nikapanda. Nikarudi nyuma kidogo kidogo, ulimi umebanwa na meno. Nilipofika penyewe, shingo ikataka kugeuka imngoje. Nilimtamani mume wangu. Nikatoa gia, nikafunga breki, nikashuka.

Mkono wa kushoto uliingia mara moja. Wa kulia ukagoma. Nikauzungusha mpini, nikausukuma kwa goti, nikautukana na ukoo wake wote wa vyuma, mwisho ukaingia. Nikafunga wa juu. Nikachomeka vibanio ili pini zisichomoke, nikatikisa kila kimoja kuhakikisha. Hakuna aliyenigusia kitu.

Nikatoka pale kati, jasho linanichuruzika, nikalipiga makofi mawili kwenye madigadi, lile bati la juu ya tairi. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu siku zote, kwa sababu injini ilimeza sauti: nimeshatoka, niko pembeni, nenda.

Trekta halikwenda.

Shemeji aliinamisha macho. "Linabaki, shemeji," alisema taratibu, na nilimsikia vizuri. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya madigadi. Injini iliendelea kunguruma palepale, na kitini hapakuwa na mtu wa kuondoka nalo.