Sauti Iliyooza

Tangu kiharusi kimpige, Cheche alikuwa haongei kama zamani. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, alikofanya kazi mpaka mvi zikamwota. Sasa alishinda kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani, maneno yakimchezea. Siku moja alitaka viatu akaomba kofia. Mkewe alipomletea kofia, mzee akaivaa mguuni, wakacheka wote mpaka machozi.

Mtaalamu wa usemi aliwaeleza hospitalini: "Maneno yake hayajapotea. Akilikosa neno analolitaka, anashika la jirani. Kwa hiyo msing'ang'anie neno moja. Sikilizeni sentensi nzima, mjiulize anakusudia nini."

Binti wa Cheche, aliyeuza kwenye duka la dawa, alijitahidi. Mkewe alichoka. Kadiri miezi ilivyokwenda, akazoea kuitikia tu, "Ndiyo, mume wangu," huku anaendelea na shughuli zake.

Jioni moja umeme ulikatika. Binti ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini, pua imeziba kwa mafua aliyoambukizwa na mama yake. Alimkuta baba amekaa wima kitini, jasho linamtiririka.

"Nasikia," mzee alisema.

"Unasikia nini, baba?"

"Sauti."

Binti alitega sikio. Friji ilikuwa imezima, redio kimya. Alichosikia ni mama yake tu, huko jikoni, akipapasa rafu.

"Kaanza tangu mchana," mama alisema kutoka gizani. "Sauti, sauti. Muache. Njoo unisaidie kutafuta kiberiti niwashe mshumaa."

Mzee alimkamata binti yake mkono wa gauni kwa ule mkono wake mzima. "Sauti mbaya," alisema. Midomo ilitetemeka, akitafuta. "Mbaya. Imeoza."

"Haya, nimekipata," mama alisema.

Imeoza. Binti alibaki na neno hilo. Sauti huwa nene, huwa nyembamba, huweza hata kukauka, lakini haiozi. Basi pengine *sauti* ndilo neno la jirani, na *nasikia* limekaa mahali pake. Mtu husikia nini? Njaa. Baridi. Kiu. Maumivu. Hakuna kinachooza hapo.

Kijiti kilikwaruza kwenye kisanduku, kikakatika.

"Kiberiti chenyewe kimeshika unyevu," mama alinung'unika, akachomoa kingine.

Mtu husikia harufu.

Binti hakukumbuka baadaye alivyofika jikoni. Alijikuta tu ameukamata mkono wa mama yake, vijiti vimemwagika sakafuni.

"Una nini wewe?"

"Gesi, mama. Baba anasikia harufu ya gesi. Sisi pua zetu zimekufa."

Mama alisimama kama aliyemwagiwa maji. Binti aliinama, akafuata mpira wa gesi kwa vidole mpaka kwenye mtungi, akafunga koki. Wakafungua madirisha, wakambeba mzee na kiti chake mpaka uani. Hapo ndipo binti alipokumbuka friji. Umeme ukirudi, friji itajiwasha yenyewe, na cheche moja tu ingetosha. Swichi kuu ilikuwa ukutani kwa nje, kando ya mita. Alikimbia akaishusha.

Hajaondoa mkono, taa za majirani zikawaka mtaa mzima. Watoto wakashangilia. Nyumba yao peke yake ikabaki giza.

Binti alikaa chini palepale.

Fundi wa gesi alikuja na tochi, akawaonyesha mpira ulivyopasuka kwenye maungio. Alisema wasubiri nje kwanza, nyumba ipigwe na hewa.

Mama aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mumewe. "Ulikuwa unaniambia tangu mchana," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi nakujibu ndiyo, ndiyo."

Cheche alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Kofia," alisema taratibu.

Mkewe hakuitikia. Alimtazama kichwani, akamtazama usoni, akashusha macho mpaka kwenye miguu yake iliyokuwa mitupu kwenye saruji ya baridi. Kisha akavua kandambili zake mwenyewe, akapiga magoti, akamvisha.