Mkono Shavuni

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, mwenyekiti wa kijiji chao, upande wa Masanze, alitaka ukuta wa duka la ujamaa upate picha mbili: mchapakazi na mvivu. Kazi akapewa Hildegarda, aliyezoea kupamba kuta za nyumba kwa mkaa na udongo mwekundu, na ambaye mkono wake ulisifiwa na kila mtu.

Mchapakazi alimtoka upesi: miguu imeachana, mgongo umeinama, jembe liko juu. Mvivu ndiye aliyemsumbua. Ndipo akamkumbuka jirani yake Joha, siku moja ya palizi, ameketi pembeni mwa shamba la kijiji, mguu mmoja kaunyoosha, mwingine kaukunja, kanga imemteleza begani, kashika tama. Akamchora vivyo hivyo. Uso akauacha mtupu, bila macho wala mdomo, asije akajulikana. Chini akaandika MVIVU.

Asubuhi, watu wa foleni ya sukari hawakuhitaji uso.

"Ee! Si Joha huyo?" Perpetua akapiga makofi. "Tazameni bega lilivyoning'inia!"

"Joha wee, njoo ujione, umepigwa picha ya bure!"

Wakacheka. Hildegarda naye akacheka kidogo, mpaka Joha alipofika na kikapu chake, akasimama mbele ya ukuta, akatazama.

"Umenipata, shoga," alisema taratibu. "Hata vidole vilivyozama shavuni. Siku ile mimba ilikuwa imenitoka alfajiri, na shambani natakiwa. Uliniona nalia?"

Hildegarda akaitazama picha yake. Aliona. Aliona mabega yakitikisika, akajiambia hayamhusu, akaendelea kupalilia. Mkono wake ndio uliokuja kusema kweli pale ukutani, na yeye mwenyewe akaibandika kweli ile jina la uongo.

"Niliona, mwenzangu. Ngoja nikufute."

"Usinifute mimi. Futa hilo jina."

Hildegarda akapiga magoti, akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akasugua. Udongo ulikwisha kukauka. Ikabidi akwangue kwa kucha. Herufi zikatoka moja moja, foleni nzima imesimama nyuma yake. Alitaka kugeuka awaombe radhi, shingo ikakataa. Akazidi kujikunja pale chini, mabega yamempanda hadi masikioni, akijua kwamba wote wanausoma mgongo wake, na Joha anausoma kuliko wote.