Mwenyeji wa Chunusi

Mwanangu Suhaib alizama kwenye shimo la Injinia Edgar, hapa Mbweni, mchana kweupe, na mtaa mzima ukaniambia kachukuliwa na chunusi.

Waliniambia hivyo wakiwa wamekaa kwenye mkeka wa matanga, wanakunywa kahawa yangu. Chunusi anapenda watoto wazuri, Mwanaheri. Chunusi akikutaka anakushika mguu tu, basi, umekwenda. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mjinga, huku moyoni nawaka moto. Mimi ni mtu wa pwani, bibi yangu kazaliwa hapahapa Mbweni, na habari za chunusi nimelishwa pamoja na uji. Chunusi ni jini, anakaa kwenye maji ya zamani, chini ya miamba na kwenye visima vilivyosahaulika. Shimo lile mwaka jana lilikuwa shamba la mihogo. Injinia alilinunua, akaleta katapila, akachota kifusi cha kujazia misingi ya nyumba za wenye nazo, kisha akaondoka zake. Mvua ikalijaza. Kingo zake zimesimama wima, udongo wake mwekundu unateleza. Nilipofunuliwa mwanangu nimuage, niliona kucha zake zimejaa udongo ule. Maskini mwanangu alikuwa anakwangua ukingo apande.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba shimo lifukiwe. Jirani yangu Apolonia alinisindikiza, maana yeye ni mwalimu, na wanafunzi wake wanapita pale kila siku.

"Mama, pole sana," mwenyekiti akasema, "lakini mambo ya majini serikali haiyawezi."

"Mie sikuja na jini," nikamwambia. "Nimekuja na shimo."

Akajitia kutafuta simu yake mezani, na simu anayo mkononi. Tulitoka pale hata kwaheri sikusema.

Haukupita muda Injinia mwenyewe akatangaza kwamba atagharamia tambiko. Asubuhi ya siku ya tambiko alikuja na mbuzi mweupe nyuma ya gari, kichwani kavaa kofia ya kiua ya Kiislamu aliyoazima sijui kwa nani. Akasimama kando ya maji akahutubia.

"Jamani, mimi ni Mkristo, lakini hata kwetu bara vitu hivi vipo. Ndani ya maji haya kuna kiumbe. Mimi kama jirani mwema nimeona nisikae kimya."

Watu wakampigia makofi. Mama wa marehemu nimesimama palepale, na wao wanampigia makofi mtu aliyechimba shimo lililomuua mwanangu! Nilitamani nimsukume atumbukie na kofia yake.

Mzee Fakihi, mganga wetu, alikuwa ameshaweka chungu kipya cha kukingia damu na anamlaza mbuzi. Nikapenya katikati ya watu.

"Shikamoo, Mzee Fakihi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Huyu chunusi akishakula mbuzi, ataondoka?"

"Haondoki. Atatulia tu. Mwakani atadai tena."

"Na tukitaka aondoke kabisa?"

"Anahamishwa. Unachota maji yake kwa chungu kipya, unafunga kitambaa cheupe, unakwenda kumwaga kwenye maji ya mwenyeji wake. Akifika huko hamsumbui mtu mwingine."

"Mwenyeji wake nani?"

Mzee Fakihi akamtazama mbuzi, kisha akamtazama aliyemleta. Alikuwa anajua fika naelekea wapi, na nasema kwa haki, hakunikwepa.

"Mwenyeji wa chunusi ni yule aliyemchimbia maji," akasema.

Nyumba ya Injinia iko mtaa wa pili, na kila mtu anajua kwamba uani kwake kuna bwawa la kuogelea, wanawe wanafundishwa kuogelea humo na mwalimu wa kukodi. Nikakichukua chungu kile kipya, nikapiga magoti ukingoni, Apolonia kanishika kanga kiunoni nisiteleze, nikachota. Mzee Fakihi akakifunga chungu kwa kitambaa.

"Jamani, tusifike huko," Injinia akasema huku anacheka kicheko kikavu. "Hii ni imani tu. Kisayansi hakuna kitu kama chunusi."

"Hakuna?" nikamuuliza.

"Hakuna, dada yangu."

"Sasa hivi umemletea mbuzi! Na kama hakuna, mwanangu kauliwa na nini?"

Nikajitwika chungu nikaondoka, wanawake wa mtaa wote nyuma yangu, na Injinia anakimbia pembeni anatubembeleza.

Mkewe, Loveness, alitufungulia geti. Nyuma yake niliwaona watoto wake wawili ndani ya maji, wanacheka. Nikamwambia nimebeba nini, natoka wapi, na kwa nini. Alikuwa hajui chochote. Akamgeukia mumewe.

"Edgar, lile shimo alilozama mtoto ni la kwako?"

"Mke wangu, hiyo ishu nilikuwa naishughulikia..."

"Hayo maji hayaingii humu ndani!"

"Hayaingii, mdogo wangu," nikamwambia. "Akifukia leo, nayarudisha yalikotoka."

"Si ufukie!" Loveness akamfokea. "Unasubiri nini?"

Injinia akatoa simu. Hakukaa hata chini, aliongea amesimama palepale getini, jasho linamtiririka chini ya kofia.

Katapila lilifika kabla ya adhuhuri, na malori ya kifusi nyuma yake. Nikamwaga maji ya chungu shimoni, nikasogea pembeni, likaanza kusukuma udongo. Alasiri ilipoadhiniwa pale pamekuwa uwanja, watoto wameshaanza kukimbizana juu yake. Watu walikuwa wanampa mkono Mzee Fakihi, wanasema chunusi kahama. Kuna mmoja nilimsikia anamshukuru Injinia kwa moyo wake wa kujitolea.

Nilikaa chini, kwenye udongo mbichi, nikapiga ukelele. Apolonia akachuchumaa akanishika mabega.

"Basi, Mwanaheri. Yamekwisha, limefukiwa."

"Mchana mmoja, Apolonia," nikamwambia. "Kazi yenyewe ilikuwa ya mchana mmoja!"