Pamba Juu ya Mikono ya Mama Unga

Asubuhi ile mwenye tanuri hakumruhusu kugusa unga. Alimwambia, "Kaa hapo kwanza, Mama Unga. Bwana afya yuko njiani."

Akakaa juu ya gunia, mikono mapajani. Miaka kumi na tisa amekanda mikate kwenye meza ile, hata jina alilopewa na wazazi watu wamelisahau. Tangu afiwe na mumewe, meza hiyo ndiyo inayomlisha. Bwana afya akisema hapana, ndiyo basi.

Magamba ya mikononi yalikuwa yamekwisha, Mungu ashukuriwe. Daktari aliuita ugonjwa ule soriasisi, akampa dawa ya kupaka na kumwambia aote jua dakika tano kila asubuhi. Lakini magamba yalipobanduka yaliacha mabaka meupe toka kiwiko hadi vidoleni, na ngozi ya pembeni ikaungua ikawa nyeusi tii. Ukimtazama ungedhani ameazima mikono ya watu wawili.

"Mimi simsemi mtu," alisema Redio, dada msukuma trei, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Ila ukoma huanza hivyo hivyo. Jana jirani yangu kanirudishia mkate."

"Ulimwambia nini, mdogo wangu?"

"Nimwambie nini? Ana macho."

Mama Unga aliomba kimoyomoyo asije akalia mbele ya Redio.

Bwana afya aliingia, akamwamkia, akavaa miwani, akasoma cheti cha daktari na kuishika mikono yake bila kusita.

"Jua uliota muda gani, mama?"

"Sina saa, mwanangu. Nilikuwa naanza kusali, nikimaliza naingia ndani."

"Unamwombea nani?"

"Watoto wangu sita. Wajukuu. Marehemu. Na huyu mwenye tanuri."

Mwenye tanuri akakohoa.

"Hiyo inafika nusu saa," alisema bwana afya. "Ndiyo maana umeungua. Lakini ukoma nao huleta mabaka, na baka la ukoma halihisi kitu. Fumba macho. Nikikugusa na pamba, nionyeshe mahali."

Akafumba. Kiwikoni, akaonyesha. Kwenye kifundo, akaonyesha. Kisha kimya. Alisubiri. Tanuri lilinguruma, na magurudumu ya trei za Redio yakasimama.

"Mama, hapa nimekugusa mara tatu."

Akafumbua macho. Pamba ilikuwa juu ya gumba la kulia, penye baka kubwa kuliko yote.

Mwenye tanuri alirudi nyuma hatua moja. "Avue aproni."

"Hapo niliungua zamani," alisema Mama Unga.

"Uliungua lini? Mbona sina habari?" aliuliza mwenye tanuri.

Mama Unga akaanza kufungua kamba za aproni.

"Nilimwunguza mimi," alisema Redio. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Zile trei zilizoanguka mwaka juzi, ukaambiwa rafu imevunjika. Rafu haikuvunjika. Niliziachia mimi, moja ikamwangukia gumbani ikitoka motoni. Nilikuwa mjamzito. Akasema ukijua utanifukuza, akafunga kitambaa akaendelea kukanda."

Bwana afya alilisogeza gumba dirishani. Chini ya weupe kulikuwa na kovu, limekunjamana kama karatasi. Akamfumbisha macho tena, akagusa baka lenyewe, nje ya kovu. Mama Unga akaonyesha. Akagusa upande wa pili. Akaonyesha.

"Si ukoma," alisema. "Na soriasisi haiambukizi. Rangi itarudi polepole. Jiepushe na jua, na umrudie daktari aliyekupa dawa."

Mwenye tanuri alikuwa bado anamkodolea Redio macho. "Wewe na mimi tutazungumza."

"Zungumza na mimi," alisema Mama Unga. "Uongo ule niliusema kwa mdomo wangu, na Mungu nimeshamwomba msamaha. Wewe ndiye nilikuwa sijakuomba."

Mwenye tanuri alitazama saa ya ukutani, akatazama meza tupu. "Mikate imechelewa," alisema, akatoka.

Mama Unga alikaza tena kamba za aproni, akanawa mpaka viwikoni, akamimina unga.

"Mdogo wangu, lete maji. Na mkate wa kwanza ukitoka, umpelekee jirani yako. Umpelekee mwenyewe, umweleze kwa mdomo huo huo."