Kivuli Kwenye Maharage

Mke wa fundi redio alilitoa jiko la jua uani mara tu baada ya kufagia. Lilikuwa sanduku la mbao, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu lina kioo, na mfuniko wake umebandikwa karatasi za kung'aa. Akaweka sufuria ya maharage, akafunga kioo, akageuza mfuniko uelekee jua.

Mama mkwe akatoka, akasimama mbele ya jiko. Hakuwa na shughuli yoyote pale. Alikuja kukinga jua, kama jana na juzi, kwa sababu alitaka mwanawe aoe mke mwingine, na hii ilikuwa njia isiyomtoa jasho.

"Mama, unanizibia jua."

"Kwani jua umekuja nalo kutoka kwenu?"

Fundi redio alikwishasema: akirudi tena mchana akute maharage mabichi, mkewe afungashe virago. Aliyasema hayo akifunga kamba za viatu, bila kuinua macho.

Mke alichukua mwiko. Aliinua kioo akoroge, kivuli cha mama mkwe kikaangukia ndani ya sufuria, na alipofunga kioo, kikabanduka miguuni pa mwenyewe kikabaki humo. Kwa kuwa kilikuwa cheusi, kilishika joto upesi. Kabla ya adhuhuri maharage yalikuwa yamelainika, na rojo limekuwa zito.

Fundi redio alikula, akasema chumvi haikukolea. Mama mkwe alikula kivuli chake, akaomba aongezewe.

Jioni jirani mshona nguo alichungulia ukutani. "Mama, kivuli chako kiko wapi?"

"Kimeliwa."

"Haya. Afadhali hakikumwagwa."

Kesho yake mama mkwe alisimama palepale. Jua likampita, likaenda zake kwenye sufuria. Mke akaketi kwenye kigoda, akatabasamu. Alifurahi kweli, tangu aolewe hakuwahi kukaa katika ua ule bila hofu.

Mama mkwe hakupoteza muda. Alimwita mwanawe, ambaye siku hiyo hakwenda kazini.

"Baba, hebu njoo usimame hapa."

Fundi redio alilitazama jiko, akamtazama mkewe. Alielewa vizuri sana, tusidanganyane. Akasimama, mikono mfukoni, na kivuli chake kikafunika sanduku zima, hata na kigoda alichokalia mkewe.

Mke aliinua kioo, akakoroga, akafunga. Akainua tena. Akangoja kidogo, akafunga. Kivuli cha mumewe kilikuwa kimeshikamana barabara na viatu.

Jua lilipopanda na kivuli kufupika, mume alisogea, akaliinamia sanduku. Mgongo ulimuuma, lakini hakuondoka. Adhuhuri njaa ikamshika akiwa bado ameinama vilevile.

"Chakula kiko wapi?" akauliza.

"Bado kibichi," mkewe akasema.

"Si nilikwambia, baba?" Mama mkwe akaingia ndani kumtolea mkwewe begi.