Nakala Iliyobaki Kwenye Folda

Fundi wa kompyuta wa maabara alikuwa mvivu wa ile aina yenye akili. Kazi ya kuwatumia madaktari majibu ya wagonjwa aliiandikia skripti, yaani mlolongo wa amri za kompyuta, ndani ya programu yake ya maandishi: anabonyeza kitufe, majibu yanakwenda, yeye anakunywa chai. Na ili skripti isimsumbue kwa maswali, nenosiri la mfumo wa majibu akalichomeka humo humo, waziwazi. Mjuaji kweli kweli!

Siku jina la mama mkwe wake lilipotokea kwenye majibu, mama mwenyewe alimpigia simu. Daktari ameshamweleza, alisema, na habari si nzuri. Watoto atawaambia kwa kinywa chake, wakati wake ukifika. Mama huyu hakuwahi kumwomba mkwewe hata kiberiti. Fundi akaapa kunyamaza.

Kiapo kikamtia hofu, akajirekebisha. Nenosiri akalitoa kwenye skripti, akalihamishia kwenye faili lililofungwa, lisilofunguka mpaka yeye aandike maneno anayoyajua peke yake. Akalala usingizi wa pono.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alifanya kazi tawi la pili la maabara hiyo hiyo. Akaiomba ile skripti, naye apumzike kidogo. Fundi akamtumia folda nzima kwa roho safi. Ana nini cha kuficha tena?

Kumbe kilikuwapo. Programu ile, kila ukihifadhi kazi, huweka kando, ndani ya folda ile ile, nakala ya zamani bila kukuuliza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Shemeji akaifungua nakala hiyo, akaliona nenosiri, na kwa kuwa alishaona mama yake anavyokonda, uzalendo ukamshinda. Akaingia kwenye mfumo, akatafuta jina la mama, akasoma. Jioni watoto wote walikuwa wanalia, mke wa fundi akiwa wa kwanza.

Kesho yake mama mkwe akaja. Fundi akaeleza habari za programu, za nakala, za faili alilolifunga vizuri kabisa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sikukuomba unitibu, baba," akasema. "Nilikuomba uninyamazie."

Fundi aliona aibu. Mkewe akaleta chai, macho yamemvimba. Mama akambembeleza mpaka akatulia, lakini chai hakuinywa. Alikuwa na watoto wengine wa kwenda kuwabembeleza.