Dawa Iliyonong'onwa

Mtu akiitwa Kipanga miaka kumi na tisa kwa kuwa anaezeka mapaa bila kutazama chini, halafu akaanza kuogopa ngazi, huyo ana taabu. Fundi wetu alianguka kutoka paa la ghala, akavunjika mkono. Mkono ukapona, woga ukabaki. Kila siku kisingizio: mara kizunguzungu, mara "nyie tangulieni, mimi napima mbao." Alizipima mbao zile mpaka zenyewe zikachoka.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kati ya misumari minne hupinda mitatu, alishaanza kujiita fundi mkuu. Na mwenye jengo akatoa kauli: Kipanga asipopanda Jumatatu, usimamizi anachukua shemeji. Kipanga hakulala kwa uchungu.

Mkewe akampigia simu shangazi yake, muuza dawa za mitishamba. Kuta za nyumba ya kupanga hazifichi kitu, kwa hiyo alinong'ona: "Shangazi, naomba dawa ya woga."

"Ninayo, mwanangu! Tena mpya!" shangazi akapaza sauti.

Kopo likaja, limejaa unga wa kahawia unaonuka udongo uliolowa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kipanga aliunywa amefumba macho, kisha akajipapasa kifua kuona kama ushujaa umefika.

Jumatatu akapanda. Alipofika juu akapiga hata mluzi. Mkewe, aliyekuja kushuhudia, alikuwa chini akilia kwa furaha simu ilipoita. Akaweka sauti kubwa ili mafundi wote wamshukuru shangazi.

"Mkwe wangu hajambo? Uchovu umepungua? Na choo anapata vizuri?"

"Choo cha nini tena, shangazi? Yuko paani! Woga umekwisha!"

"Woga gani? Si uliniomba dawa ya uyoga? Nimekusagia uyoga na mizizi, vya kumtia nguvu mtu aliyechoka. Dawa ya woga niitoe wapi mimi? Mwenyewe naogopa mende!"

Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Juu, mluzi ukakatika. Kipanga akaikumbatia kenchi, fremu ya mbao inayobeba bati, kwa mikono miwili, na ardhi ikawa mbali kwelikweli. Shemeji akaweka mguu kwenye ngazi.

"Shuka, shemeji, nipishe."

"Mume wangu," mke akaita, "unaogopa?"

"Naogopa!" Kipanga akajibu, mtaa mzima ukasikia. Miezi mitatu tangu aanguke, neno hilo halikuwahi kumtoka. "Naogopa sana! Haya, nipeni misumari!"

Wakampa. Akajigonga kidole mara mbili, akatukana matusi ambayo mkewe hakujua kama anayajua. Lakini bati la kwanza likakaa, la pili likakaa, na shemeji akautoa mguu wake kwenye ngazi.